Kitabu cha Wanaoanza Kuunga

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza. Kila lifti ninayoihudumia ina daftari lake, limetundikwa kwenye msumari ndani ya chumba cha mashine: tarehe, kasoro, kazi iliyofanyika, sahihi. Nimejaza madaftari hayo karibu maisha yangu yote ya kazi. Kwa hiyo mshauri wa pale hospitali aliponiambia niandike kila siku, hata mstari mmoja, mpaka mvua ziishe, nilimwambia kuandika si tatizo. Tatizo ni safu ya kasoro. Sijisikii vibaya. Sijisikii chochote. Akasema, "Basi andika hivyo hivyo."

Haya. Mke wangu alifariki kabla ya mwaka mpya. Baba yake, aliyekuja kumuuguza, bado yuko hapa, chumba cha pili, ukuta mmoja na changu. Alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomwangusha. Mimi namwita mkwe, yeye ananiita mkwe. Neno moja linapanda na kushuka kati yetu kama lifti, na mara nyingi ndani yake hamna mtu. Zamani mke wangu ndiye aliyekuwa akiongea, sisi tukimjibu yeye.

Leo alipiga simu shemeji, kaka wa marehemu. Anamjengea mzee chumba kwake. Mvua zikiisha na plasta ikikauka, atakuja kumchukua moja kwa moja. Simu ilikuwa mezani, kwenye spika. Mkwe akasema, "Sawa." Nami nikasema, "Sawa." Tukaendelea kula.

Kasoro: hakuna.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Lifti ya kliniki ya meno imekwama kati ya ghorofa mbili. Ndani hamkuwa na mtu.

Jumamosi, 7 Machi

Mkwe alitoka peke yake kwenda madukani, akarudi amelowa chapachapa, boksi kubwa amelikumbatia chini ya koti. Ni zawadi ya mjukuu wake, mtoto wa shemeji. Juu ya boksi kuna picha ya ndege ya zamani, ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, na rubani mwenye skafu shingoni. Akaliweka mezani, akalichana kwa kisu cha mkate, akachungulia.

"Mkwe," akasema, "wameniuzia ndege iliyovunjika."

Ndani mlikuwa na fremu za plastiki ya kijivu, na vipande vidogo vidogo vimeshikamana nazo pande zote. Nikamweleza kwamba hii ni modeli, anayenunua ndiye anayeiunga. Akanisikiliza kwa adabu, kama vile namwambia kwamba siku hizi makoti yanauzwa bila mikono.

"Yaani nimelipa, halafu kazi nifanye mimi?"

"Ndiyo, mkwe."

"Na wale wa kiwandani wao walifanya nini?"

Nikapekua boksi. Kuna karatasi ya maelekezo, lakini imeandikwa kwa lugha ambayo hata herufi zake hatuzijui, na michoro yake ni mishale inayokwenda kila upande. Mke wangu angecheka mpaka akae chini. Niliwaza hivyo bila kutikisika, kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

Jumatatu, 9 Machi

Dukani wamekataa kuirudisha kwa sababu boksi limechanwa. Mkwe amejikaza kisabuni. "Tutaiunga," anasema. "Wewe unasoma vitabu vya lifti. Ndege ya plastiki ni nini mbele ya lifti? Kinachotakiwa ni kitabu kizuri tu." Anataka iwe tayari siku shemeji atakapokuja.

Nikasema sawa. Neno hilo sasa linatoka lenyewe.

Alhamisi, 12 Machi

Maktaba. Mkwe alitaka kadi yake mwenyewe. Karani, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akaniuliza mzee ni nani wangu, maana anatumia anwani yangu.

"Baba mkwe."

"Basi mkeo aje aweke sahihi."

"Amefariki."

"Oh. Poleni sana." Akaitazama skrini yake, akabonyeza, akabonyeza tena. "Sasa hapa... baba mkwe inakaa chini ya mke. Nikimtoa mke na yeye anatoka. Nimwandike mgeni?"

Nilimtazama mkwe. Mkwe alikuwa anatazama kabati la magazeti kana kwamba limeandikwa jina lake.

"Andika," nikasema.

Tulirudi na kitabu cha kwanza chini ya mwavuli mmoja. Bega langu la kushoto na lake la kulia yalilowa.

Ijumaa, 13 Machi

Jalada linasema ni kitabu cha wanaoanza kuunga modeli. Ukurasa wa kwanza, mwandishi anasema bila shaka msomaji ana kompresa na bomba la kupulizia rangi. Ukurasa wa pili, bila shaka kingo zimeshasafishwa. Wa tatu: kama unavyojua. Ningekuwa najua nisingekiazima. Mkwe alinisikiliza nikisoma, macho ameyafumba.

"Huyu," akasema, "anawaandikia rafiki zake."

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Kamba za lifti ya jengo la ofisi za kodi, nimezipaka mafuta. Kitabu kimerudishwa.

Jumatano, 18 Machi

Vitabu viwili vipya. Kimoja ni kikubwa na kizito, picha tupu: ndege zilizokamilika, zinang'aa, zimekaa juu ya kioo. Hakuna mkono wa mtu popote. Ni kitabu cha kumezea mate. Mkwe alikifungua ukurasa baada ya ukurasa, akakifunga. "Ni kama kuonyeshwa bwana harusi ili ujifunze kushona suti."

Kingine ni chembamba, na kinaanza na "Rafiki yangu mdogo". Kinafundisha kukunja karatasi.

"Mjibu," akasema mkwe, "kwamba rafiki yake mdogo ana meno manne."

Nilijua hapo ndipo watu hucheka. Nikavuta midomo pembeni, na nadhani ilitosha, maana alinishukuru kwa macho.

Jumapili, 22 Machi

Mvua mchana kutwa. Fremu za kijivu bado ziko mezani. Tunakula pembeni yake.

Jumanne, 24 Machi

Chini ya ngazi za jengo la bima, ambako nina lifti mbili, kuna duka la vitabu vilivyotumika. Mwenye duka tunamwita Mama Miwani: miwani moja machoni, nyingine kichwani, ya tatu shingoni kwa uzi, na zote anazitafuta. Leo nilikwenda na mkwe, kwa sababu mvua ilikuwa imetulia na alikuwa amechoka kuutazama ukuta.

"Mnataka kitabu cha nini?"

"Cha kuunga ndege za plastiki," nikasema. "Cha wanaoanza."

"Wanaoanza kweli, au wanaoanza wa kwenye majalada?"

"Sisi," akasema mkwe, "hata kuanza bado."

Mama Miwani akamtazama, akapenda. Akatuvutia viti viwili vya plastiki, akaanza kushusha vitabu kutoka rafu ya juu, na kila tuliposhika kimoja na kufungua mwanzo alitupiga kikofi hewani. "Usifungue mwanzo! Mwanzo kila mwandishi ni mpole. Fungua katikati, kazi ikiwa imekolea, uone kama bado anakukumbuka." Tukafungua katikati. Wengi walikuwa wameshatusahau. "Halafu tazama picha. Huoni mikono? Kirudishe. Kitabu cha kazi kisicho na mikono ni kitabu cha ukutani."

Tulikaa pale mpaka nikachelewa kazini, na sikujali. Siandiki hivi kwa kujisifu. Sijali mambo mengi siku hizi. Lakini niliona mkwe amekaa ukingoni mwa kiti, magoti yamejaa vitabu, anafungua katikati, ananusa, anarudisha, na kila mara anasema "huyu ametusahau", na Mama Miwani anaitikia, "Aende zake!"

Tulichonunua ni chembamba na jalada halipo, kwa hiyo hatujui nani alikiandika. Kila ukurasa una mikono, kucha zimeingia rangi. Baada ya kila hatua kuna kisanduku kimeandikwa "Ukikosea hapa". Mwandishi hasemi kama ukikosea. Anachukulia kwamba utakosea. Katikati kabisa kuna picha ya bawa lililoyeyushwa na gundi, likabaki na alama ya dole gumba, na chini yake: "Hili ni dole langu."

Mkwe aliiweka picha ile karibu na jicho lake zima. "Huyu mtu amewahi kuumia," akasema. Tukakichukua.

Ijumaa, 27 Machi

Hatua ya kwanza: usiguse gundi. Kata vipande, safisha kingo kwa msasa, kisha unga kavu, uone vinavyokaa. Mkwe akapiga meza. "Kushikiza! Unashikiza kwa uzi mweupe kwanza, mteja anavaa, anageuka, ndipo unashona. Huyu ni fundi mwenzangu."

Mbele kidogo mwandishi anasema: "Mkiunga wawili, mmoja ashike na mwingine aseme. Anayeshika haoni. Anayeona asinyamaze." Tulikubaliana kwamba ni maneno mazuri sana. Tukakubaliana yeye ashike, kwa kuwa vidole vyake bado ni vya fundi, na mimi niseme, kwa kuwa macho ni yangu.

Jumatatu, 30 Machi

Kiwiliwili cha ndege kimeungwa. Mvua. Nilisahau kuandika tangu juzi, na dunia haikuanguka.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo bawa la chini.

Kitabuni linaonekana wazi: ncha zake zinapanda kidogo, kama mtu anayeinua mabega. Mkwe alipaka gundi kwa ncha ya kijiti, akalipachika bawa, akalibana kwa vidole viwili vya kila mkono, akatulia. Ncha zilikuwa zinashuka. Alilishika chini juu.

Niliona kabla gundi haijashika. Nikafungua mdomo. Lakini aliyeshika ni baba wa mke wangu, na vidole vyake vilikuwa vimetulia vizuri, na alikuwa ameziba pumzi. Miaka yote ya ndoa sijamwambia mzee huyu kwamba amekosea, hata pale aliponishonea suruali ya harusi, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, nikatembea ukumbini kwa mwendo wa maringo ili usionekane.

"Vipi, mkwe?" akauliza.

"Iko sawa," nikasema.

Akanitazama kidogo, halafu akalitazama bawa. "Kama ni sawa, ni sawa."

Jumanne, 7 Aprili

Mvua kubwa. Mashimo matatu ya lifti yameingia maji. Bisibisi, mwenzangu wa zamu, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, alitumbukia mpaka kiunoni, akaniuliza mbona sicheki. Nikamwambia nacheka kwa ndani. Akasema ndani yangu pia mmeingia maji.

Alhamisi, 9 Aprili

Kati ya bawa la chini na la juu kuna nguzo ndogo. Hazifiki. Za katikati ni ndefu mno, za pembeni ni fupi mno, na si ajabu, maana bawa limeinama. Tulikaa tunazitazama.

"Tuzipunguze hizi za katikati," akasema mkwe.

"Tuzipunguze," nikasema.

Akazikata moja moja, kwa uangalifu, kama anampunguzia nguo mteja aliyekonda. Za pembeni tukaziongezea vipande vya fremu. Zimekaa. Kazi safi sana, ya kutunza kosa.

Jumatano, 15 Aprili

Shemeji alipiga. Chumba kimepigwa plasta, kina dirisha linalotazama barabara. "Baba atafurahi," akasema. "Na wewe, shemeji, utapumua."

"Nashukuru," nikasema.

"Nashukuru," akasema mkwe.

Baadaye nilimwona anapiga pasi mashati yake yote, hata yale ambayo hayavai. Nikawaza: mzee ana hamu ya kuondoka. Ana haki. Alikuja kumuuguza binti yake, na binti hayupo. Anakaa hapa na mtu ambaye kadi ya maktaba inasema si ndugu yake. Niliwaza yote hayo kwa mpangilio mzuri na hayakuniuma popote, kama kidole kilichokufa ganzi ukikigonga.

Jumapili, 19 Aprili

Rangi. Mvua. Brashi imedondosha nywele moja juu ya pua ya ndege. Kitabu kina kisanduku cha hilo pia.

Jumamosi, 25 Aprili

Bisibisi alipita nyumbani asubuhi kuchukua spana yangu kubwa. Ndege ilikuwa mezani, imesimama kwa magurudumu yake, rangi nyekundu, bado inanuka. Akaizunguka mara moja, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Imependeza," akasema. "Ila mbona imenuna?"

"Imenuna vipi?" nikauliza.

"Bawa la chini. Si liko chini juu? Tazama picha ya boksi." Akaonyesha kwa spana. "Hii hairuki, hii inasikitika." Akacheka, akamuaga mkwe kwa heshima, akaondoka zake.

Mlango ukafungwa. Mkwe alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

"Mimi niliona," akasema.

"Uliona lini?"

"Siku ile ile, gundi ikiwa mbichi. Jicho bovu, lakini vidole vinaona. Nikakuuliza, ukasema iko sawa. Wewe ndiye uliyesoma kitabu. Nimwambie mkwe wangu hajui kusoma?"

"Na mimi niliona, mkwe."

"Uliona nini?"

"Niliona linavyoinama. Kabla hujabana."

Akageuka mzima mzima na kiti chake. "Sasa mbona ukasema iko sawa?"

"Wewe ndiye uliyeshika."

"Na nguzo je? Nimekata nguzo zote kulifuata kosa!"

"Nilidhani ndivyo unavyotaka."

"Mimi nilidhani *wewe* ndivyo unavyotaka!"

Akaanza kucheka. Alicheka kwa mabega kwanza, kisha kwa tumbo, kisha akashika ukingo wa meza. Nami nikasikia kicheko, na ilinichukua muda kutambua kwamba ni changu. Kilitoka kimeparara, kama cha mtu aliyekiazima.

"Na ile suruali?" akasema, anafuta machozi. "Ya harusi. Ulijua?"

"Kila aliyekuwepo alijua, mkwe."

"Nilikuona unavyotembea. Nikamwambia mama mkwe wako, huyu kijana ana madaha. Usiku ule, baada ya harusi, ndipo nilipopima upya kipande cha kitambaa kilichobaki nikaelewa." Akatikisa kichwa. "Na hukusema. Nikasema moyoni, basi, huyu ataweza kukaa na binti yangu."

Kicheko kikaisha taratibu. Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Mkwe alikuwa ananitazama usoni, jambo ambalo halifanyi.

"Kuna lingine umeliona ukaninyamazia?"

Nilikuwa nalo mdomoni. Nalijua sasa, wakati naandika: nilitaka kumwuliza kama kweli anataka kwenda.

"Hapana, mkwe," nikasema. "Na wewe?"

"Hakuna," akasema, upesi kama mimi.

Jumapili, 26 Aprili

"Ukikosea hapa: usilivute, litavunjika. Chukua uzi wa kushonea, uingize kwenye kiungo, uuvute mbele na nyuma pole pole mpaka uikate gundi." Nilipomsomea, mkwe alikwenda chumbani mwake, akarudi na kibweta cha nyuzi. Alichagua uzi mweusi wa pamba, akaupitisha katikati ya midomo.

Nilishika. Yeye alivuta. Safari hii nilisema kila nilichoona: umepinda kushoto, umekaribia rangi, punguza. Mara ya kwanza nilipomwambia "hapo umekosea, mkwe," sauti yangu ilikwaruza. Aliitikia, "Haya," akarudisha uzi. Hakuna kilichotokea. Paa halikuanguka.

Bawa limetoka zima. Nguzo tumezitengeneza upya kwa fremu zilizobaki.

Ijumaa, 1 Mei

Bawa limerudi mahali pake, ncha juu. Palipoungwa pana kovu. Tumelipaka rangi, bado linaonekana ukijua pa kutazama.

Jumapili, 3 Mei

Nilitaka kumwuliza leo. Nikamwuliza kama anataka msasa laini au wa kawaida.

Alhamisi, 7 Mei

Mama Miwani aliuliza habari za ndege. Nikamwambia imekamilika. Akaniuliza, "Sasa mtaunga nini?" Nikamwambia mzee anaondoka. Akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akanitazama kupitia zote mbili.

"Anataka kuondoka?"

"Amesema sawa."

"Mimi pia husema sawa," akasema. "Kwa mwenye nyumba. Kwa daktari." Akageuka kupanga rafu.

Jumapili, 10 Mei

Hakukunyesha. Jua limetoka, kila dirisha la mtaa lina nguo. Kutoka barabarani niliona mashati ya mkwe yameanikwa kwenye kamba yetu pamoja na yangu, yake yamefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na kitu kikanibana chini ya mbavu. Nilisimama pale kwenye tope nikijaribu kukitambua, kama ninavyosikiliza mashine inayokwaruza. Ni woga. Naogopa kurudi hapa nikute mashati yangu peke yake.

Ni jambo dogo, lakini ni kasoro, na hii ndiyo safu yake.

Jumatano, 13 Mei

Jua. Shemeji anakuja Jumamosi. Mkwe ameomba begi. Nimempa lile la mke wangu, hakuna jingine. Sikumwambia kitu. Alinishukuru mara mbili.

Jumamosi, 16 Mei

Shemeji alifika asubuhi na pikapu, viatu safi, barabara imekauka. Ni mtu mwema. Alinikumbatia, akasema nimekonda, akasema plasta imekauka vizuri bila ufa hata mmoja. Aliichukua ndege ndani ya boksi lake, akaishangaa kwa adabu, akaipeleka kwenye gari ili mtoto aikute salama.

Mkwe alikuwa ameshavaa viatu na koti. Begi lilikuwa mlangoni. Alinipa mkono kwa mikono miwili.

"Mkwe," akasema, "umenitunza. Nashukuru kwa yote."

"Ni mimi ninayeshukuru, mkwe."

Ndivyo inavyosemwa, nasi tuliisema vizuri. Shemeji alirudi, akainama kushika begi. Nikaona vidole vya mkwe vinahesabu vifungo vya koti, cha juu, cha kati, cha chini, halafu vinaanza tena, na nikajua nimewahi kumwona akifanya hivyo, kwenye korido ya hospitali, daktari alipokuwa anakuja kwetu.

"Shemeji, ngoja," nikasema. "Weka begi chini."

Zipo namna nyingi za heshima za kusema jambo kama hili: nyumba hii ni yako pia, karibu wakati wowote, usitusahau. Nilizijua zote. Sikutumia hata moja.

"Mkwe, sitaki uende."

Shemeji akasimama wima. "Lakini shemeji, si tulikubaliana? Wewe na baba wote mlikubali."

"Hatukukubali. Tulisema sawa."

Mkwe alikuwa anatazama sakafu. "Kwa nini hutaki?" akauliza. Hakuuliza kwa upole. Aliuliza kama fundi anayetaka kipimo.

"Sijui kuieleza. Nikitoka kazini nataka nikukute. Nilidhani una hamu ya kwenda."

"Mimi?" Sauti yake ilipanda. "Nani alikwambia? Mimi nilidhani nimekuchosha! Binti yangu hayupo, nakaa hapa kama nani? Ningekaaje mpaka mtu aone aibu ya kunifukuza?" Akamgeukia mwanawe. "Umesikia huyu? Wiki zote hizi ananitazama napiga pasi!"

"Baba, na chumba?" akasema shemeji, uso umemshuka. "Plasta imeshakauka."

"Kitie baiskeli."

Akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. Ilimchukua muda, maana macho hayaoni fundo na sisi hatukuthubutu kumsaidia. Kiatu kimoja kilipotoka akakishika mkononi, akaninyooshea kwacho.

"Lakini kama ni kusema, na mimi nina langu. Unakoroma, mkwe. Ukuta ule ni mwembamba na wewe unakoroma kama unakata mbao. Tangu nimefika hapa sijalala usingizi wa maana. Binti yangu kakaa na wewe miaka yote ile, hakuniambia hata siku moja! Alikuwa anawezaje?"

"Alikuwa ananisukuma," nikasema. "Hapa begani. Nikisukumwa nageuka, naacha."

Nilikuwa nimeweka mkono begani kumwonyesha. Ukabaki pale pale. Nikataka kuongeza kwamba siku hizi sina wa kunisukuma, na sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia, kwa sauti, nimesimama mlangoni katikati ya mkwe wangu na shemeji yangu. Hakuna aliyejifanya haoni.